Kapuchino, late na flati waiti: tofauti iko kwenye hewa na ujazo wa kikombe

Swali: Nina mashine ndogo ya espreso yenye mrija wa mvuke. Nikitengeneza kapuchino au late napata kitu kilekile: maziwa ya moto yenye mapovu makubwa juu, na kahawa haisikiki. Flati waiti ndiyo kabisa sijui pa kuanzia. Natumia vikombe vya mililita 300. Nakosea wapi?

Jibu: Tuanze na kikombe, maana hapo ndipo kahawa yako inapopotelea. Espreso, yaani kahawa nzito inayokamuliwa na mashine, ni ileile kwa vinywaji vyote vitatu: gramu 18 za unga wa kahawa, zitoe takriban gramu 36 za kahawa ya kunywa kwa sekunde 25 hadi 30. Ukiimimina kwenye kikombe cha mililita 300 kisha ukajaza maziwa, umetengeneza late, utake usitake. Kapuchino na flati waiti zinataka kikombe cha mililita 150 hadi 180. Tafuta kikombe hicho kwanza.

Sasa, kama hizo mbili zinalingana kwa ukubwa, zinatofautianaje? Kwa povu. La kapuchino lina unene wa sentimita moja au zaidi. La flati waiti ni milimita chache tu, laini, limechanganyika na maziwa yenyewe. Late nayo ina povu jembamba, ila maziwa yake ni mengi. Mikahawa mingi pia huweka espreso moja kwenye kapuchino na mbili kwenye flati waiti, ndiyo maana watu huiona flati waiti kali zaidi.

Kiasi cha povu huamuliwa mwanzoni kabisa mwa kupasha maziwa. Jaza jagi maziwa baridi ya friji hadi chini kidogo ya pale mdomo wake wa kumiminia unapoanzia. Fungua mvuke mara moja kwanza ili kutoa maji yaliyobaki kwenye mrija, kisha weka ncha yake chini tu ya uso wa maziwa, kando kidogo ya katikati. Utasikia mchakacho kama wa karatasi inayochanwa: hewa inaingia. Kwa kapuchino iache iingie mpaka maziwa yaongezeke kwa theluthi hivi au zaidi. Kwa flati waiti yaongezeke kidogo mno, kisha zamisha ncha. Usihesabu sekunde, kwa sababu mashine ndogo zina mvuke dhaifu. Shika jagi: likiacha kuwa baridi mkononi, hewa imetosha hata kama ulitaka zaidi. Hewa inayoingia maziwa yakishapata moto haivunjwivunjwi vizuri, na ndiyo inayokupa hayo mapovu makubwa.

Baada ya hapo zamisha ncha kama sentimita moja na uinamishe jagi hadi maziwa yazunguke kwa kasi. Mzunguko huo ndio unaosaga mapovu. Zima kwenye nyuzi 60 hadi 65 za Selsiasi, yaani jagi linapokuwa la moto kiasi cha kutoshikika. Ukipita 70, maziwa hunuka kupikwa, utamu wake hufifia na povu halikai.

Gonga jagi mezani, lizungushe mpaka uso ung'ae, umimine papo hapo. Ukichelewa hata nusu dakika, povu hupanda juu na maziwa hubaki chini: kikombe cha kwanza kitatoka late, cha pili povu tupu. Kama umefuata yote na povu bado linakufa, badilisha maziwa. Yaliyokaa wazi siku kadhaa huanza kuachia asidi za mafuta, na hizo huliua povu hata kama bado hayajachacha.

Ukikutana pia na jina makiato, hiyo ni espreso iliyowekwa kijiko kimoja au viwili vya povu, basi. Late makiato ni kinyume chake: maziwa hutangulia kwenye glasi, espreso humiminwa polepole juu yake.