Shati Lililoota Ukungu Kwenye Mfuko wa Plastiki

Mwaka wangu wa pili kazini niliharibu kielelezo, yaani kitu cha ushahidi kilichookotwa kwenye tukio. Lilikuwa shati la marehemu, limelowa damu na mvua, nami kwa haraka zangu nikalikunja, nikalitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaufunga barabara, nikabandika lebo na kutia sahihi. Nilijiona fundi. Siku tisa baadaye mkemia akanipigia simu: njoo uone mwenyewe. Alipoufungua ule mfuko, harufu ilitutoa wote nje. Ukungu mweusi ulikuwa umetambaa kwenye mikunjo yote mpaka kwenye kola, na kola ndiyo tuliyoitaka, maana marehemu alikuwa amekabwa hapo. Maabara ilikuwa na mashine mpya kabisa, ila haikuambulia kitu.

Nimeokota vielelezo kwenye maeneo ya matukio kwa miaka 19 kabla ya kustaafu. Watu wakijua hivyo, swali lao ni moja: siku hizi si mnampata mtu kwa unywele mmoja tu? Huwa nawajibu kwamba ndiyo, mara nyingine, na hapohapo ndipo taabu inapoanzia. Kadiri maabara inavyozidi kuwa na makali, ndivyo kosa la yule aliyefika wa kwanza mlangoni linavyozidi kuwa ghali. Na wa kwanza kufika si mpelelezi. Ni wewe, au jirani yako.

Mwanasayansi Alec Jeffreys alipogundua alama za vinasaba (DNA) kule Leicester, Uingereza, mwaka 1984, kipimo chake kilihitaji damu nyingi: doa la ukubwa wa sarafu, na liwe bichi kiasi. Baadaye ikaanza kutumika PCR, mbinu ambayo mkemia Kary Mullis alikuwa ameibuni mwaka 1983, na ambayo hunakili kipande kidogo cha DNA mara mamilioni hadi kitoshe kupimwa. Leo seli chache zilizobaki kwenye mpini wa kisu zinaweza kutoa jibu. Lakini mashine inayonusa seli za mwizi hainusi za mwizi peke yake. Itanusa na za mwenye nyumba, na za askari aliyepiga chafya, na zangu mimi.

Wajerumani walilipata somo hili kwa aibu. Kwa miaka mingi walimsaka mwanamke mmoja ambaye DNA yake ilikutwa kwenye matukio kama 40 Ujerumani, Austria na Ufaransa, likiwemo la kuuawa kwa askari wa kike mjini Heilbronn mwaka 2007. Mwaka 2009 ikajulikana kwamba muuaji huyo hayupo. DNA ilikuwa ya mfanyakazi wa kiwanda aliyehusika kuandaa vile vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Vijiti vilikuwa vimeuliwa vijidudu, ni kweli, lakini kuua vijidudu hakuondoi DNA.

Basi ushauri wangu wa kwanza: ukikuta nyumba imevunjwa, au mtu ameumizwa, msaidie majeruhi kwanza, uhai unatangulia ushahidi. Baada ya hapo, toka. Usiokote kilichoanguka, usifunge droo zilizoachwa wazi, usitumie choo cha humo ndani, na kwa hisani yako usipige deki. Najua mkono unawasha. Damu ya mtu unayempenda ikiwa sakafuni, unatamani iondoke haraka. Ila maji ya klorini ndiyo mabaya kuliko yote. Luminoli, ile dawa inayoifanya damu ing'ae buluu gizani, hufanya kazi kwa sababu ya madini ya chuma yaliyomo kwenye damu, na kwa bahati mbaya klorini nayo huing'arisha. Niliwahi kuzima taa kwenye jiko lililosuguliwa kwa klorini, nikanyunyizia, na sakafu nzima ikawaka kama anga. Hapo utaniambia damu ilikuwa wapi?

Ikiwa lazima uhifadhi nguo, labda mvua inakuja au hakuna wa kufika mpaka kesho, zitie kwenye karatasi: mfuko wa kaki, bahasha kubwa, hata gazeti ambalo halijasomwa. Karatasi hupumua. Plastiki hufungia unyevu, bakteria na ukungu wakajilia, na wanachokila ni kilekile tunachokitafuta. Nguo mbichi itandazwe ikauke kivulini, juu ya karatasi safi, maana jua kali huivunja DNA, na joto la pasi vilevile. Kila nguo ikae peke yake. Ukiweka suruali ya mtuhumiwa na blauzi ya mwathirika kwenye mfuko mmoja, wakili wa utetezi atakushukuru.

Hili linalofuata naliandika polepole. Kama umebakwa, nenda hospitali. Usioge kwanza ukiweza, usipige mswaki, na nguo ulizovaa usizifue. Nenda nazo ndani ya karatasi. Lakini kama umeshaoga, nenda hivyohivyo. Nimewaona wengi waliokaa nyumbani wakiamini wameshaharibu kila kitu, kumbe sampuli bado zingeweza kupatikana hata siku kadhaa baadaye. Halafu kuna jambo lisilohusu mahakama: dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Uamuzi wa kushtaki unaweza kusubiri. Dawa haisubiri.

Sasa nigeukie upande wa pili, kwa sababu siku moja unaweza kuwa ndugu wa mtuhumiwa, au mtuhumiwa mwenyewe. Neno DNA likitajwa kizimbani, watu huacha kufikiri. Nimelishuhudia hilo mara nyingi: mtaalamu anataja tarakimu yenye masifuri mengi, ukumbi unanyamaza, na wakili anakaa chini bila kuuliza swali hata moja. Swali lipo. Nalo ni hili: ilifikaje pale?

Kipimo kinasema ni ya nani. Hakisemi ilifika lini wala kwa njia gani. California mwaka 2012 mtu mmoja alishtakiwa kwa mauaji kwa sababu DNA yake ilikutwa kwenye kucha za marehemu, na alikaa mahabusu miezi kadhaa. Usiku wa mauaji alikuwa amelazwa hospitali, amelewa chakari. Wahudumu wa gari la wagonjwa waliombeba yeye ndio walewale walioitwa baadaye nyumbani kwa marehemu, na wakaihamisha DNA yake bila kujua. Kwa hiyo mwambie wakili wako aulize: sampuli ilitoka kwenye damu, au ni seli za kuguswaguswa? Ni ya mtu mmoja au ni mchanganyiko wa watu watatu? Nani alikishika kielelezo tangu kiokotwe, na lakiri ilikuwa salama?

Wala usidhani alama za vidole zina heshima zaidi kwa kuwa ni za zamani. Baada ya milipuko ya treni za Madrid, Machi 2004, wataalamu watatu wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walishikilia kwamba alama kwenye mfuko wa viwashio vya mabomu ni ya wakili mmoja Mmarekani. Mtaalamu wa nne, aliyeteuliwa na mahakama, akawaunga mkono. Wahispania walisita, wakaendelea kutafuta, na mwenye alama akawa mtu mwingine kabisa, raia wa Algeria. Kompyuta ilikuwa imetoa orodha ya alama zinazokaribiana. Macho ya binadamu ndiyo yaliyoigeuza kuwa hukumu.

Bado naiamini kazi hii, maana DNA ilianza kwa kumwokoa mtu. Katika kesi ya kwanza ya mauaji kutumia kipimo hicho, kule Leicestershire, Uingereza, kijana wa miaka 17 alikuwa amekiri mauaji ambayo hakuyafanya, na kipimo cha Jeffreys ndicho kilichomtoa. Muuaji wa kweli, Colin Pitchfork, alimtuma mwenzake wa kazini akatoe damu kwa jina lake, na akanaswa pale mwenzake huyo alipopayuka baa. Kwa hiyo maabara ilifanya sehemu yake, na umbea ukamalizia.

Kuhusu simu nitasema machache. Kama unatishiwa kwa ujumbe, usifute na usiridhike na picha ya skrini. Ujumbe wa asili una saa na namba zake ndani, na picha ya skrini hutengenezwa na mtoto wa shule kwa dakika mbili.

Juzi mpwa wangu alinipigia alfajiri, nyumba yake imevunjwa. "Mjomba, nimeshafagia vioo, nafuta na mlango?" Nikamwambia aache ufagio hapohapo ulipo, atoke akae kwenye ngazi, mikono mfukoni, kisha amwandike kila aliyeingia ndani tangu asubuhi, kwa jina, na alichogusa, ili alama zao zijulikane na zitolewe kwenye hesabu. Alinicheka kidogo. Wapelelezi walipofika, karatasi yake ilikuwa na majina kumi na moja, na la kumi na moja lilikuwa la fundi wa kufuli aliyekuwa ameshaanza kazi.