Mkopo wa simu na vitisho vya kila siku

SWALI: Nilikopa 100,000 kwenye programu ya simu, zikaingia 70,000. Baada ya siku 7 wanadai 105,000, na sasa wanawatumia SMS ndugu zangu kwamba mimi ni tapeli. Nifanyeje? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Pole sana, dada. Hesabu kwanza: umepokea 70,000, unadaiwa 35,000 juu yake. Hiyo ni asilimia 50 kwa wiki moja! Ndiyo maana watu wanaiita kausha damu.

Usiifute programu bado. Piga picha za skrini: tarehe, kiasi kilichoingia, deni, kila tishio pamoja na namba iliyolituma. Ukifuta mapema, ushahidi wa mkataba unapotea. Kisha ingia Mipangilio, Programu, Ruhusa. Zima majina (namba za watu ulizohifadhi), SMS na picha, ndipo uifute. Majina waliyokwishanyakua hayarudi, kwa hiyo waarifu ndugu wenyewe kabla hawajapigiwa.

Angalia jina la kampuni kwenye orodha ya wenye leseni katika tovuti ya Benki Kuu ya Tanzania (BoT). Mwaka 2024 BoT ilitangaza majukwaa na programu 69 zisizo na kibali. Kama kampuni haimo kwenye orodha ya wenye leseni, peleka malalamiko BoT, na suala la majina Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Matusi na vitisho ni vya polisi. Omba namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako kituoni.

Ada ya "kusogeza siku" usilipe, haipunguzi deni hata shilingi. Ukirejesha ile 70,000, tunza ujumbe wa muamala, na kamwe usitume kwa namba ya mtu binafsi.