Vaa Raba Kwanza

Vijana wanaonifuata mezani hapa Mwanga, Kigoma, wakitaka kujifunza kutengeneza saa ya wakimbiaji, swali lao la kwanza ni chipu gani inunuliwe. Mimi nawauliza: mara ya mwisho umekimbia lini, ukapandisha kutoka ziwani mpaka huku juu? Wengi hucheka, wakidhani ni utani.

Saa yangu ya kwanza ilifanya kazi vizuri sana, mezani. Siku nilipomvalisha kijana mmoja mkimbiaji tukatoka alfajiri kuelekea Ujiji, hata jasho halijamtoka, skrini ikaandika mapigo 172. Akasimama ghafla, mkono kifuani, uso umembadilika. Nikamshika shingoni, nikahesabu sekunde 15: mapigo 29. Yaani 116 kwa dakika. Zile 172 zilikuwa hatua zake.

Hapo ndipo wageni wengi wa kazi hii wanapokwama, kwa hiyo nikae hapo kidogo. Nyuma ya saa kuna taa ya kijani inayomulika ngozi, na sensa inayosoma mwanga unaorudi. Damu ikijaa kwenye vijishipa, mwanga unaorudi hupungua. Ikipungua, mwanga huongezeka. Lakini mtu akikimbia, saa inaruka na damu ya mkononi inacheza kwa mdundo wa miguu. Mkimbiaji hupiga hatua 160 hadi 180 kwa dakika, na moyo wa mtu anayekazana unaweza kuwa humo humo. Programu ikidaka mdundo usio wake, inaung'ang'ania. Dawa yake ni sensa ya mwendo ikwambie mdundo wa hatua ni upi, uutoe kwenye hesabu. Mkanda nao ubane, saa ikae juu kidogo ya kifundo cha mkono.

Tena, ngozi nyeusi hunyonya zaidi mwanga wa kijani. Ukichukua mipangilio ya programu ya mfano uliyoshusha mtandaoni ukaiacha hivyo hivyo, umetengenezea watu wengine. Ongeza mwanga, ila ujue unakula betri. Na usijisahihishie mtihani mwenyewe: linganisha na mkanda wa kifuani, maana huo unasoma umeme wa moyo, haujali mwanga.

Kasi nayo ina mtego. Anayekimbia kilomita moja kwa dakika 5 anasogea mita 3.3 kila sekunde, wakati GPS ya kawaida inaweza kukosea mita kadhaa. Ukipima umbali wa nukta hadi nukta kila sekunde, kasi itarukaruka kama dagaa kwenye wavu. Tumia kasi ambayo kipokezi chenyewe hukokotoa kutokana na mabadiliko ya masafa ya mawimbi ya setilaiti, kisha chukua wastani wa sekunde chache. Ukichukua wastani wa sekunde nyingi mno, mtu atakuwa ameshafika kileleni saa ndiyo inamwambia amepunguza mwendo.

Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni ya dunia, Tokyo 2025, alimzidi wa pili kwa sekunde 0.03. Kamera ya mwisho wa mbio ndiyo inayoweza kuamua hilo. Saa yako haiwezi, basi usiipambe na desimali usizoweza kuzitetea.

Skrini ya kugusa? Jasho likiingia, inabonyezeka yenyewe. Weka vitufe. Betri ya 300 mAh (umeme inaobeba) ikitumika kwa 40 mA (umeme saa inaovuta) ni saa saba na nusu za karatasini. Wa marathoni inamtosha, wa Ironman, mbio za kuogelea, baiskeli na kukimbia, anaweza kuhitaji hadi saa 17. Fanya hesabu hiyo kabla hujachora kasha.

Mwinuko ndio ulionitesa mwezi mzima. Saa huukadiria kwa mgandamizo wa hewa, nao hushuka hektopaskali 1 (kizio cha mgandamizo) kwa karibu kila mita 9 unazopanda huku kwetu. Sasa, nchi za joto kama yetu, mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku hata mawingu yasipoonekana, na mabadiliko ya hektopaskali 2 tu ni mita 18 za mlima usiokuwepo. Saa iliyolala mezani usiku kucha iliamka "imepanda". Siku hizi naanzia ufukweni, Kibirizi, naiambia saa hapa ni mita 770 na ushee, nakimbia hadi juu, narudi pale pale. Ikirudi na namba nyingine, naandika daftarini tofauti hiyo pamoja na muda wa siku, ndipo nafungua kompyuta.