Maswali ya Wasomaji: Dhoruba imepita, mteremko bado

Dhoruba ilianza kwa baridi kali na theluji nyepesi, ikaishia kwa joto na theluji nzito. Zote kwa pamoja sentimita 25 tu. Wenzangu wanasema theluji kidogo namna hii haiporomoki. Ni kweli?

Si kweli, ndugu msomaji. Wenzako wanapima kina, ilhali kinachoamua hapa ni mpangilio. Theluji nyepesi ikitangulia na nzito ikafuata, ni kama ubao uliolazwa juu ya sufi. Tabaka la chini likivunjika chini ya mguu wa mtu mmoja, ufa hukimbia chini ya bamba lote, yaani ile theluji nzito iliyoshikana juu, nalo hushuka kwa mkupuo. Sentimita hizo hizo 25 zingekuja kinyume, joto kwanza na baridi baadaye, kwa kawaida zingeshikamana vizuri zaidi: theluji yenye unyevu hung'ang'ania ya zamani, na nyepesi hukaa juu bila kumlemea yeyote.

Kasi nayo ina neno lake. Theluji ikiongezeka sentimita 2 au 3 kila saa, kwa saa kadhaa mfululizo, tabaka za chini hazipati muda wa kujikaza. Na mvua ikianza kunyesha juu ya theluji mpya kavu, ondokeni hapo hapo. Maji huongeza mzigo na kulegeza viungo vya punje, na maporomoko yanaweza kuanza dakika chache tu baada ya matone ya kwanza.

Theluji ilikoma usiku, asubuhi anga jeupe, ila upepo unavuma. Tupande?

Upepo ni dhoruba ya pili, tena isiyoonekana na anayetazama mawingu. Huikwangua theluji upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, na kuirundika upande wa demani, yaani unakoelekea, mabaharia wanayajua maneno haya, na unaweza kuirundika mara kumi kwa kasi kuliko inavyodondoka kutoka angani. Tazama ukingo wa theluji unaoning'inia kwenye mgongo wa mlima: chini yake ndiko mzigo uliko. Theluji ya hapo huwa laini na iliyotuna kama mto wa kulalia, na ukiikanyaga hutoa mlio mzito kama wa ngoma. Upepo ukigeuka katikati ya dhoruba, hesabu pande zote mbili kuwa zimebeba.

Ukisikia theluji ikididimia kwa mguno chini yako, au ukaona nyufa zikikimbia mbele ya miguu, hakuna haja ya kipimo kingine. Rudi kwa njia uliyojia.

Taarifa ya hatari ya maporomoko imesema ngazi ya 3 kati ya 5. Hiyo si wastani tu?

Namba ya katikati huwadanganya wengi, na ndiyo sababu ngazi hii huua watu wengi hivyo. Kwenye ngazi ya 3 uzito wa mtu mmoja unaweza kutosha kuliachia bamba. Usiishie kwenye namba. Soma mteremko unaoelekea wapi, na kuanzia urefu gani, ndio uliotajwa. Kisha laza fimbo juu ya theluji na uweke kipima-mwinamo cha simu juu yake. Mabamba mengi hukatika kati ya nyuzi 30 na 45. Chini ya nyuzi 30 kuna nafuu, mradi hapana mteremko mkali juu yako, kwani bamba linaweza kuachiliwa na mtu aliye chini yake.

Tungoje siku ngapi?

Theluji mpya ikilalia msingi imara, mara nyingi saa 24 hadi 48. Ikilalia punje zilizolegea kama sukari au umande ulioganda, wiki kadhaa, na baridi kali hurefusha muda huo.

Vifaa gani ni vya lazima?

Kila mmoja, si kikundi: kifaa cha mawimbi cha kilohezi 457, kinachotuma na kunasa ishara za aliyefukiwa, ufito wa kuchomeka kwenye theluji kumtafuta, wa angalau sentimita 240, na beleshi la chuma. Simu ikae mbali na kifaa sentimita 20, na 50 wakati wa kutafuta, la sivyo kitasoma ovyo. Aliyefukiwa ana nafasi kubwa ndani ya dakika 10 za mwanzo, baadaye hushuka upesi. Ufito ukimgusa, uacheni pale pale. Wengi hukosea kwa kuchimba wima kutoka juu: wanamkanyaga, na shimo linawafukia wao. Anzeni upande wa bondeni, umbali wa mara moja na nusu ya kina alichofukiwa, mkate theluji kuelekea ufito.