Kifungu cha usuluhishi katika mkataba wa franchaizi

Ndugu, umeeleza kwamba mkataba wa franchaizi (ruhusa ya kutumia jina na mfumo wa biashara wa kampuni nyingine) wa mgahawa wako wa kuku hapo Nyegezi, Mwanza, unafuata sheria ya Afrika Kusini, na kwamba mgogoro wowote utaamuliwa na msuluhishi, yaani mwamuzi binafsi nje ya mahakama, huko Johannesburg. Ukifungua kesi Mahakama Kuu Mwanza, mwenzako katika mkataba ataomba isimamishwe ili shauri liende kwa msuluhishi, na kwa kawaida atakubaliwa. Tuzo ya huko, yaani uamuzi wa msuluhishi, nayo inaweza kukaziwa hapa, kwa kuwa Tanzania imo katika Mkataba wa New York wa 1958, unaohusu kutambua na kutekeleza tuzo za kigeni, tangu mwaka 1964. Sheria ya kigeni ningeivumilia. Kinachoumiza ni mahali, maana nauli, hoteli na ada ya msuluhishi hutangulizwa hata na mwenye haki. Kabla hujasaini, omba shauri lisikilizwe Dar es Salaam, mbele ya msuluhishi mmoja.