Mkono Usiotulia Kwenye TIG: Anza na Kiwiko

Vijana wanaokuja kujifunza TIG, yaani kuchomelea vyuma kwa moto wa umeme unaokingwa na gesi, kwenye karakana yetu hapa Changamwe huanza na swali moja: nifanye nini mkono uache kutetemeka? Mimi huwajibu kwamba mkono wa yeyote hutetemeka ukining'inia hewani. Fundi unayemwona ametulia amepata pa kuuegemeza.

Basi kabla hujawasha moto, tafuta egemeo. Kiwiko kikae mezani, au ubavu wa kiganja uteleze juu ya chuma. Kazi ikiwa juu kuliko meza, panga tofali au kipande cha bomba ulaze mkono. Kisha, mashine ikiwa imezimwa, pitisha tochi, yaani mshikio wa kuchomelea, mshono mzima, mwanzo hadi mwisho. Pale kiwiko kinapogonga ndipo utakapokwama moto ukiwaka. Kebo ya tochi itupe begani, maana uzito wake peke yake watosha kukuyumbisha kifundo.

Ncha ya tangisteni (kile kijiti cha chuma kigumu kwenye tochi kinachotoa moto) na chuma viachane kwa umbali usiozidi unene wa tangisteni yenyewe. Ukiinua zaidi, moto hutawanyika na dimbwi la chuma kilichoyeyuka hupanuka ovyo. Tochi ilale nyuma kidogo, nyuzi 10 hadi 15 kutoka wima. Ncha ikigusa dimbwi, simama hapo hapo uinoe upya, mikwaruzo ya jiwe ifuate urefu wake. Ukiendelea na ncha chafu, moto utacheza, nawe utaulaumu mkono bure.

Lakini mkono unaowaangusha wengi ni ule wa rodi, waya wa kujazia mshono. Rodi husukumwa kwa vidole. Inalala juu ya vidole viwili, kidole gumba kinaisogeza mbele kidogo, kinarudi nyuma, kinaishika tena, na kiganja hakijahama. Zoezi hili halitaki umeme wala gesi. Vaa glavu, keti barazani jioni na kipande cha rodi, uisukume mpaka vidole vifanye vyenyewe huku ukipiga soga. Sijaona zoezi linalolipa kama hili.

Ukirudi kazini, rodi iguse ukingo wa mbele wa dimbwi, isiingie kwenye moto wenyewe. Na ukiivuta, usiitoe nje ya gesi. Ncha yake ikipigwa na hewa ingali nyekundu huota ukoga, na ukoga huo ndio utakaoutumbukiza dimbwini mara inayofuata.

Sisi wa Mombasa tuna upepo pia. Msimu wa kusi, karakana iliyo wazi hupeperusha argoni, ile gesi ya kukinga, yote, mshono ukatoka mweusi wenye vitundu. Usikimbilie kufungulia gesi zaidi: ikizidi kasi huvurugika na kufyonza hewa ya nje. Lita 7 hadi 10 kwa dakika hutosha kazi nyingi. Funga turubai upande wa upepo. Rodi nazo zifute kwa asetoni, kimiminika cha kuondoa uchafu, hasa zilizokaa wazi kwenye hewa hii ya chumvi.

Kwa kuanzia, chukua bati la chuma cha kawaida la milimita 2, ampea kama 80, bila rodi. Endesha dimbwi tupu mstari mnyoofu, upana usibadilike. Likikutii, ndipo uongeze rodi, halafu uende kwenye stenlesi. Alumini iache mwisho: haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka, na jicho lisilozoea hushtukia tundu.