Ukitaka tiba ya sanaa iwe kazi yako

Wanafunzi wa sanaa na wa saikolojia huniuliza swali lile lile: nikisomea tiba ya sanaa, yaani kumsaidia mtu aliyeumia moyoni kwa kuchora, kupaka rangi au kufinyanga, nitapata kazi hapa Kenya? Wanaohitaji msaada wamejaa kila kaunti. Lakini tangazo la hospitali ya umma linalotafuta mtaalamu wa tiba ya sanaa kwa jina hilo, mimi sijaliona. Wenzangu ninaowafahamu Nairobi wote walipitia mlango mwingine: mmoja ni muuguzi, mwingine afisa wa ustawi wa jamii, na mimi nilianzia kwenye ushauri nasaha. Kwa hiyo tafuta kwanza taaluma inayotambulika kisheria, halafu sanaa uijenge juu yake.

Tunayo Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014. Shule au shirika likitaka kukukabidhi watoto, lina haki ya kukuuliza umesajiliwa wapi, na jibu unapaswa kuwa nalo. Uingereza jina la kazi hii linalindwa na sheria: hujiiti hivyo mpaka uwe na shahada ya uzamili na usajili. Marekani nako uzamili ndio mwanzo. Karibu na kwetu, Chuo Kikuu cha Johannesburg kinafundisha uzamili wa tiba ya sanaa. Zile kozi za wikendi zinazokutunuku cheti chenye muhuri wa dhahabu, achana nazo. Zinakupa ujasiri wa kufungua kidonda usichojua kukifunga.

Maana kazi yenyewe si kufundisha kuchora. Mtoto mmoja, ambaye maelezo yake nimeyabadilisha asitambulike, alikuwa akichukua krayoni nyeusi na kuipaka karatasi nzima. Anakandamiza mpaka karatasi inatoboka, anaigeuza, anaanza upande wa pili. Sikumwambia ajaribu rangi nyingine. Sikumuuliza kama amechora usiku. Nilimsogezea karatasi ya manila, ambayo ni nzito, nikakaa. Alipoona haitoboki, akaipapasa kwa kiganja na kusema, "Hii haipasuki." Tukaanza kuzungumza kutokea hapo, taratibu, kuhusu vitu vinavyopasuka na visivyopasuka nyumbani kwao.

Mama yake alinisubiri mlangoni siku moja. "Mwalimu, muhula mzima na bado hajui kuchora hata nyumba?"

"Mama, hapa hatumfunzi kuchora. Tunampa pa kuyaweka yale yaliyomzidi."

Mazungumzo hayo utayarudia maisha yako yote, na wazazi, na walimu wakuu, hata na madaktari. Yajibu kwa heshima kila mara, kwa sababu mzazi asiyeelewa humwondoa mtoto katikati ya tiba.

Vifaa navyo lazima uvijue tabia. Rangi ya maji hukimbia, haishikiki. Kwa mtu aliyetoka vitani, ambaye hana hakika na chochote, mimi huanza na penseli, au picha za kukata kwenye magazeti ya zamani na gundi, vitu ambavyo mkono wake unaweza kuvitawala. Udongo wa mfinyanzi unamgusa mtu kwa kina. Aliyejibana miaka mingi unaweza kumfungua, tena kwa kasi asiyoweza kuistahimili. Kujua kipi umpe nani, lini, na umsimamishe wapi: hilo ndilo linalosomewa. Na usimtafsirie mtu picha yake. Jua jeusi si lazima liwe huzuni. Huenda krayoni ya njano ilikuwa imepotea.

Utaambiwa pia kwamba sanaa ni anasa, watu wana njaa. Hoja hii inaniuma, kwa sababu fani yetu haikuzaliwa kwenye starehe. Adrian Hill, mchoraji wa Uingereza, aliipa jina mwaka 1942 baada ya kuchora akiwa amelazwa kwa kifua kikuu. Friedl Dicker-Brandeis alifundisha watoto kuchora ndani ya geto la Terezín, mahali Wanazi walipowafungia Wayahudi, kabla hajauawa katika kambi ya Auschwitz mwaka 1944. Mwanafunzi wake, Edith Kramer, aliyekimbilia New York, akawa mmoja wa waasisi wa tiba hii Marekani. Watoto wa Terezín walikuwa na njaa pia. Michoro yao ipo Prague hadi leo.

Basi kazi iko wapi? Shule za binafsi zinaanza kuelewa. Mashirika yanayohudumia wakimbizi Kakuma, Dadaab na hapa Nairobi yana miradi ya afya ya akili, na humo Kiswahili chako ni mali. Wakongo wengi wanakizungumza, na mama anayesimulia ya Kivu kwa lugha yake bila mkalimani hukaa tofauti kitini. Huko Ulaya na Amerika Kaskazini walikopelekwa baadhi yao, mtaalamu anayejua Kiswahili ana nafasi yake pia.

Mapato huja vipande vipande: siku mbili shuleni, mkataba wa miezi sita na shirika, wateja wachache wa binafsi jioni. Mkataba ukiisha mwezi Desemba, Januari huwa ndefu kweli, kwa hiyo usiache kazi yako ya kwanza mapema.

Kabla hujasaini mkataba wowote, soma kipengele cha picha. Wafadhili hupenda kuona michoro ya watoto kwenye ripoti, ikiwezekana na mtoto mwenyewe ameishika, anatabasamu. Kataa. Mchoro ni siri ya mteja kama maneno yake yalivyo, na mahali pake ni kabati lenye kufuli. Niliwahi kupoteza mkataba kwa jambo hili, na ningeupoteza tena.

Kisha dai usimamizi wa kitaaluma, yaani mtaalamu mkongwe wa kupitia naye kesi zako mara kwa mara. Hapa kwetu wanaoijua fani hii ni wachache. Wangu yuko nje ya nchi, tunaonana kwa video. Analipwa, na malipo hayo hayapaswi kutoka mfukoni mwako. Ukiandaa bajeti ya mradi, yaandikie mstari wake, juu ya ule wa karatasi na rangi.